Kiganja cha Kushoto

Shemeji alileta karakanani meza iliyojaa mikwaruzo, na fundi akaahidi kuimaliza upesi. Ilikuwa kazi ya marehemu kaka yake fundi, mume wa shemeji: mbao na resini, ile gundi inayoganda kama kioo, ya kijani kama chupa. Enzi za uhai wake, kila akimaliza kupiga msasa, kaka alipitisha kiganja cha kushoto juu ya kazi, na fundi hakuchoka kumkaripia: “Mkono una mafuta, kaka. Resini mpya haitashika.”

Fundi akapiga msasa harakaharaka mpaka meza ikaonekana nyeupe kama imemwagiwa unga. Akafuta vumbi kwa spiriti, akavaa glavu, akamimina. Resini ikatambaa vizuri, kisha ikajitenga pembeni mwa meza, ikaacha alama ya kiganja na vidole vyake vyote. Mkono wa kushoto.

Akampigia shemeji simu, akamuuliza kama alipita karakana.

“Nipite vipi, na funguo unazo wewe?”

Akaikwangua resini kabla haijakauka, akaifuta, akainamisha taa. Pale palipokuwa na kiganja palimetameta: doa la uso wa zamani ambalo msasa wake uliliruka. Resini mpya ingebanduka hapo, tena mbele ya shemeji.

Akapiga msasa upya, taratibu safari hii, akafuta. Halafu akaweka kopo la resini chini, akasogea kando, akampisha kaka akague.