Kanda Zilizobanikwa

Haya nilisimuliwa na Hulda mwenyewe, binti wa Methusela mpasua mbao wa Matembwe, mwaka jana tulipokuwa tunapukuchua mahindi. Tumekaa mkekani, magunzi yametuzunguka, nikamwuliza ile spika iliyochanika anaitunzia nini chumbani kwake, wala haipigi kitu. Akacheka. Akaniambia, bibi, kaa vizuri. Nikakaa vizuri.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu tusivyovijua hata majina, na pale Makambako kila kibanda kina redio yake inayoshindana kelele na ya jirani. Hulda alikuwa na bendi ya watu watatu tu: yeye kwenye gitaa na kuimba, Benno kwenye dramu, Kefa kwenye besi. Walipiga roki. Muziki huo Hulda aliukuta kwenye kanda iliyosahauliwa na mgeni katika gesti alikokuwa akifua mashuka, akaupenda siku hiyo hiyo, akaacha kwaya, akaacha na mashuka. Vyombo vilikuwa vya tajiri wao, Mansoor, mwenye duka la kaseti na vipuri karibu na stesheni.

Mansoor ndiye aliyekuwa akipanga nyimbo. Upande wa A wa kila kanda aliweka za harusi, zile ambazo hata bibi harusi mwenye haya hushindwa kutulia. Upande wa B aliwaachia wenyewe. "Jazeni mtakavyo," alikuwa akisema, "mradi kanda isiende tupu." Huko nyuma ndiko Hulda alikoweka nyimbo zake.

Na nyimbo zake zilikuwa na sauti yao. Spika ya gitaa ilichanika karatasi siku waliyoisafirisha kutoka Njombe juu ya magunia ya mahindi, na tangu hapo kila akigusa waya ilikwaruza na kunguruma. Kefa alitaka kuishona. Hulda akakataa, maana sauti ile aliijua. Ilikuwa ya msumeno wa baba yake, ule wa kuvutwa na watu wawili, mmoja amesimama juu ya gogo, mwingine yuko chini shimoni na unga wa mbao unamwingia machoni. Alilala na kuamka na sauti hiyo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake.

"Usiiguse," alimwambia Kefa. "Ukiishona, nakushona na wewe."

Sasa alikuwepo dereva wa lori, Halfan, ambaye redio ya lori lake ilikuwa na maradhi yake: upande wa A inautafuna, upande wa B inaupiga vizuri kabisa. Kwa hiyo Halfan aliijua bendi hii kwa nyuma tu. Siku moja akasimama mlangoni kwa Mansoor.

"Tajiri, nataka kanda ya hawa vijana, lakini iwe B tupu."

"B tupu ndiyo nini?"

"Mbele B, nyuma B. Hizo za harusi redio yangu haizitaki, na mimi nimeshaiga redio yangu."

Mansoor alicheka mpaka akashika meza. Lakini alikuwa mfanyabiashara, na Halfan alirudi na madereva wenzake wanataka hivyo hivyo. Basi akaziokota nyimbo za nyuma kutoka kanda zote za bendi, akazikusanya katika kanda moja, juu akaandika kwa kalamu ya wino mzito: B TUPU. Zikaenda Njombe, zikaenda Lupembe, zikafika mpaka Mawengi. Kwa furaha, Hulda hakulala.

Halafu zikaanza kurudi.

Ilikuwa Juni, na baridi yetu ya Juni unaijua. Kanda ikilala kwenye nyumba ya baridi, asubuhi inavuta, mwimbaji anasikika kama amelewa ulanzi. Kwa hiyo huku kwetu kila mtu alijua dawa: unaibana kwapani kwanza, au unaisogeza karibu na jiko kidogo, ndipo unaiweka kwenye redio. Watu wakanunua B Tupu, wakasikia ule mkwaruzo, wakasema baridi imeingia. Wakaibana kwapani. Ikakwaruza. Wakaisogeza jikoni. Ikakwaruza. Mwisho wakaitandaza juu ya wavu kama hindi bichi, wakaigeuza huku na huku, mpaka ikajikunja.

Meza ya Mansoor ikajaa kanda zilizopinda zinazonuka moshi. Akamwita Hulda.

"Hebu tazama. Hizi ni kaseti au ni maganda ya ndizi?"

"Wamezibanika, tajiri."

"Kwa sababu umewauzia makwaruzo! Mimi nimeuza vitu hapa tangu vikiwa vya foleni, hajawahi mtu kunirudishia sabuni kwamba inakwaruza. Sikiliza, mwanangu. Jumamosi ni gulio. Utapiga hapa mbele ya duka kwa spika nzima, watu wasikie nyimbo zikiwa safi, halafu tunazirekodi upya, safi. Ukikataa, vyombo vyangu navichukua."

"Nitapiga," alisema Hulda. Hakusema kwa spika ipi.

Jumamosi waya wa umeme ukatolewa dirishani mwa duka. Watu walikuwa tele, wengine na mitumba begani, wengine na kuku chini ya kwapa, na wengi walishika kanda zao zilizoungua kama watu waliokuja na ushahidi. Hulda akaibeba spika iliyochanika, akaiweka juu ya kreti, akaigeuzia uso kwa watu, karatasi yake inaning'inia.

"Hiyo si ndiyo mbovu?" Mansoor alifoka. "Badilisha!"

Hulda akapiga wimbo wa kwanza. Kuku walipiga kelele. Kijana mmoja akapaza sauti, "Huyo dada anakoroma!" Mwingine akajibu, "Arudi kwaya, huko watamwamsha!" Watu wakaangua kicheko. Benno akataka kuacha, Hulda akamkazia macho, dramu zikaendelea.

Wimbo ulipokwisha, mama mmoja mnene wa Njombe akapita mbele, kanda yake mkononi.

"Wewe binti, nirudishie hela yangu. Nimeibanika hii mpaka mboga yangu imeungua!"

"Kamwene, mama," Hulda alimsalimu. "Njoo ushike hapa."

Akamshika mkono, akaulaza juu ya spika, kwa mkono mwingine akagusa waya wa gitaa. Yule mama akaruka.

"Mh! Inatetemeka!"

"Hiyo ni baridi?"

"Si baridi."

"Basi haijaharibika. Ndivyo ilivyo, na ndivyo nilivyotaka iwe. Ukiipenda, ipende hivyo hivyo. Usipoipenda iache, lakini usiibanike, haikukukosea kitu."

Mansoor akaja na waya wa spika nzima mkononi. "Badilisha, Hulda. Nakuambia kwa mara ya mwisho, mbele za watu."

"Mbele za watu hao hao nakujibu, tajiri. Sibadilishi."

Akapiga wa pili, akapiga wa tatu. Wengine waliondoka wakitikisa kichwa. Wengine walibaki. Huko nyuma, Halfan na madereva wenzake walikuwa wanagonga milango ya malori kwa viganja, wanaimba kila neno, maana wao walizijua. Yule mama mnene hakuondoka. Wa mwisho ulipokwisha, alimsogelea Mansoor na kanda yake iliyopinda.

"Nipe nyingine. Hii nimeiua mwenyewe."

Mansoor akampa. Akachukua na hela. Halafu akachukua gitaa, akachukua besi, akachukua dramu, maana alikuwa ameshasema na si mtu wa kurudi nyuma. Spika aliitazama, akaisukuma kwa mguu.

"Hii nani ataitaka. Baki nayo."

"Hiyo ndiyo niliyoitaka," alisema Hulda.

"Sasa tutapiga nini?" Kefa aliuliza kwa unyonge.

"Masufuria. Mpaka tupate vyetu."

Jumapili asubuhi Halfan alikuwa anakwenda Lupembe kupakia mbao, akampandisha Hulda na spika yake mpaka Matembwe. Hulda akawakuta wazazi wametoka kanisani. Methusela ni mzee wa kanisa, na tangu binti aache kwaya alikuwa akimwitikia salamu tu, basi. Walikula. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hata kibanda cha mbuzi hakionekani. Hulda akaisogeza redio ya baba yake karibu na moto, akaweka kanda.

Ilipoanza kukwaruza tu, mama yake, Fidelia, akanyoosha mkono. "Mwanangu, hebu isogeze motoni kidogo, imepata baridi."

"Mama! Na wewe!"

"Acheni," alisema Methusela.

Mzee aliinamisha kichwa, bega lake la kulia linakwenda kidogo, linarudi. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine.

"Huyo wa chini," akasema, "anavuta kabla wa juu hajamaliza. Atapinda msumeno."

"Baba, hilo ni gitaa."

"Najua ni gitaa. Nasema anavuta mapema."

"Wa chini ni mimi. Na sibadilishi."

Methusela akasukuma kuni motoni.

"Basi usibadilishe," akasema. "Igeuze. Nyuma kuna nini?"

"B tena."

"Haya. Weka."

Fidelia alikuwa wa kwanza kusinzia, kitenge kimemfunika mpaka puani. Methusela aliufuata ule upande wa pili karibu wote, mkono juu ya goti, halafu kidevu kikashuka kwenye koti. Alipoanza kukoroma, Hulda alisikiliza kama naye anavuta mapema. Hakuvuta mapema. Kanda ikafika mwisho, redio ikajizima yenyewe. Hulda akaivuta spika yake karibu, akajiegemeza kwenye ubao wake, akajifunika khanga, na moto ulipobaki makaa naye akalala.