Kikombe cha Mfalme wa Bustani

Mfalme wa kale aliyezikwa kwenye bustani ya mboga, nyuma ya bweni, alizaliwa Jumanne baada ya chai. Mzazi wake alikuwa Héritier, mwanafunzi wa bweni hilo. Hazina yake yote ilikuwa kikombe cha bati kilichotoka jikoni bila kuaga, kikapakwa masizi na kugongwa mawe mpaka kikaonekana kimepigana vita.

Héritier alikizika kwa heshima zote, ndani ya shimo la mraba ambamo mwalimu Madame Constance aliwafundisha wanafunzi akiolojia, kisha akaukanyaga udongo taratibu. Préfet, mkuu wa shule, alikuwa amekwisha kumwonya: mzaha mwingine, na godoro lako linarudi kwenu Cimpunda. Lakini sura ya Madame akimgundua mfalme ilistahili godoro.

Asubuhi darasa zima lilizunguka shimo. Lydie, mwenye brashi, akapaza sauti: "Madame! Iko kitu hapa!"

"Usikivute! Kwanza tuone kinalala mu udongo gani."

Madame akapiga magoti. Kikombe hakukitazama hata kidogo. Kwa mwiko wa mwashi alikwangua ukuta wa shimo mpaka matabaka yakajitokeza: juu udongo mweusi wa bustani, chini yake mwekundu, chini kabisa mstari wa majivu. La chini ndilo lililotangulia, alisema. Lakini kuzunguka kikombe rangi zote zilichanganyika kama mboga na ugali katika sahani ya mtoto.

"Hapa mutu alichimba, akafukia. Nani?"

"Batu ba zamani, Madame," Héritier alijibu kwa unyenyekevu.

"Na bale ba zamani, banavaa kandambili yako?"

Alama ya soli ilikuwa pale kwenye udongo, kando ya kikombe, na ua lake la katikati. Darasa likalipuka kwa kicheko. Godoro likaanza safari ya Cimpunda.

"Shuka," Madame akamwambia. "Ondoa udongo wako, ule laini tu. Ukifika pagumu, simama."

Alishuka. Alipiga brashi akinuna, mpaka udongo wake ukaisha na majivu yakaanza. Hapo, upana wa kidole chini ya kaburi la mfalme, ukingo wa kitu ulimtazama. Mkono ulitaka kuvuta. Haukuvuta.

"Madame..."

Walipima, wakapiga picha, ndipo akaruhusiwa kukiinua. Kilikuwa kigae cha chungu, na ukingoni vishimo vilivyobonyezwa udongo ukiwa bado mbichi. Héritier aliweka kidole gumba katika kimoja. Kikaenea. Mtu alisimama hapa zamani, kwenye kilima hiki hiki kinachotazama ziwa, akabonyeza, akaendelea na siku yake.

"Ya lini, Madame?"

"Sijue bado."

Hata Madame hakujua! Héritier akainama tena juu ya majivu, brashi mkononi.

Préfet akatokea, amevutiwa na kundi lililoinamia shimo. "Héritier tena?" akanguruma, akisogea mpaka ukingoni mwa shimo.

"Monsieur le Préfet," Héritier akanong'ona bila kuinua macho, "tafadhali, musikanyage hapo. Kuko mutu."

Préfet akamtazama Madame. Madame akaitikia kwa kichwa. Polepole, Préfet akaurudisha mguu nyuma.