Idadi ya Lori la Mbele

Nilikuwa na kiburi, nasema wazi. Programu ya kusoma vipimo vya korosho pale ghalani, karibu na bandari ya Mtwara, niliiandika mimi, Esta, na mtu akiigusa kwa maneno nakuja juu. Ndiyo maana Bi Mwanaidi, mkulima wa Mpapura, aliponijia, nilimpa shikamoo huku macho yangu yako kwenye kompyuta.

"Marahaba, mwanangu. Lori langu linarudishwa. Wanasema nimechanganya korosho zenye maji."

"Mama, kompyuta imeshasema. Magunia thelathini yamelowa."

"Yepi hayo? Nimeanika siku tatu, ukizitikisa zinalia! Wenzangu kijijini nimewafundisha mimi kuanika. Nikirudi na lori hili, uso wangu nitauweka wapi?"

Nikamgeuzia kioo aone mwenyewe. Akasoma kwa kidole, polepole.

"Magunia mia na ishirini? Mimi nimepakia tisini." Kidole kikashuka. "Na hili la tisini na moja, unyevu asilimia mia na kumi! Hili gunia au kisima?"

Madereva waliosimama mlangoni wakaangua kicheko. Damu ikanichemka, nikamwambia kipimo cha unyevu wanachotumia wakulima shambani ndicho kibovu.

"Sisi karatasi ya idadi tunaifunga kwenye gunia la kwanza la kila lori," akasema. "Kila lori na yake. Wewe umesoma ya nani?"

Lori lililomtangulia lilikuwa na magunia mia na ishirini. Lililomfuata lilikuwa na mia na kumi, nalo lilinyeshewa mvua njiani, kijijini Mtawanya. Nikafungua maelezo ya faili, yale yanayoiongoza programu kusoma orodha ya malori yote. Mstari wangu uliagiza: anzia juu kabisa, nenda lori la kwanza, chukua idadi. Kwa hiyo kila lori lilipofikiwa, njia ilirudi mwanzoni ikachukua idadi ileile. Kwa Bi Mwanaidi ilivuka magunia yake tisini, ikameza idadi ya lori la tatu ikidhani ni unyevu, kisha ikambebesha maji ya mwenzake.

Nikaifuta njia ile, nikaandika nukta mbili tu, ambazo kwa kompyuta maana yake ni: toka hapo ulipo, panda hatua moja kwa mzazi wako, yaani lori lililobeba magunia haya, chukua idadi yake. Nikaendesha upya.

Mungu wangu! Malori arobaini yakasomeka moja baada ya jingine, mia na ishirini, tisini, mia na kumi, sabini na nne, hakuna lililomwingilia mwenzake. Mstari ulikuwa huohuo mmoja kwa malori yote, wala haukubadilika herufi, lakini ndani ya kila lori ulimjua mzazi wake. Miaka sita naandika vitu hivi, na siku ile niliogopa kugusa kibodi.

"Allahu akbar," Bi Mwanaidi akasema kwa sauti ya chini. "Na zangu?"

"Magunia tisini. Zote kavu."

Hakushangilia. "Nimeaibishwa mbele ya madereva, mwanangu."

Nikatoka nje juani, nikasimama mbele ya foleni nzima, nikatangaza kwamba korosho za Bi Mwanaidi ni safi na kosa ni langu mimi. Nilipomaliza, alinitia korosho tano kiganjani.

"Tikisa," akasema.

Nikazisogeza sikioni, nikatikisa. Zililia.