Lenzi ya Marehemu Kanematsu

Mkasi ulipomfikia mwalimu Sadahiro, kamera yangu iliandika kwenye kioo: Hakuna lenzi.

Lenzi ilikuwapo! Niliifunga mwenyewe dakika ile ile, betri ya kamera ya kwanza ilipokata roho nikahamia ya pili. Lenzi ya chuma, nzito, inanizidi umri. Yasuko aliniletea ndani ya kitambaa cha hariri: "Dada Fusae, siku mwanangu anakatwa kishungi, ule mkato wa mwisho upige na hii. Ya marehemu baba'ke. Naye aone."

Mwanawe Tetsuma alipigana mieleka ya sumo miaka kumi na tisa bila kufika juu, kwa hiyo sherehe ya kustaafu, ya kukatwa kishungi cha nywele, alifanyiwa hotelini, si uwanjani ambako mwanamke hakanyagi ulingo. Afadhali. Mama yake alipanda jukwaani akakata nywele mbili tatu kama wageni wengine, huku mtaa mzima wa Ryogoku ukinong'ona nani kanenepa na nani kaja na mke mpya. Ukabaki mkato wa mwalimu aliyemfunza mieleka, unaoondoa kishungi chote. Huo haurudiwi.

Nikabonyeza. Kimya. Lenzi za zamani hazina waya za kuongea na kamera za leo. Lazima uiruhusu kamera ipige hata ikidhani iko uchi. Ya kwanza niliiruhusu. Ya pili nilisahau, mie mjuaji!

Mwalimu akainua mkasi. Nikamtazama Yasuko, nikatikisa kichwa.

Akachomoka mezani, kimono na yote, akapanda. "Mwalimu, samahani sana. Sikukata vizuri. Narudia."

"Mama!" Tetsuma alinong'ona bila kugeuka, maana hatakiwi kugeuka. "Mtu hukata mara moja!"

"Nilikuzaa siku mbili nzima. Tulia."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, lakini mkasi aliutoa.

Vidole vyangu kwenye menyu: ukurasa wa tatu, wa nne, nimepitiliza, rudi. Hapo! Washa.

Mkasi ulisharudi kwa mwalimu. Nikazungusha pete ya lenzi, picha ikazidi kuvurugika. Hii huzungushwa kinyume na zangu zote. Nikaigeuza. Vinukta vyekundu vikawaka kioo kizima kunionyesha palipo wazi, pasipo ukungu. Nikabonyeza. Kishungi kikatoka.

Picha moja tu. Nikaikuza. Mkasi ukungu, Tetsuma ukungu. Aliyeonekana wazi, hadi kope zilizolowa, ni Yasuko, kasimama nyuma ya mwanawe, kasahau kushuka.

Nikampelekea kabla hajaniuliza. "Dada, nimeharibu."

Aliitazama, akaitazama tena, mkono mdomoni.

"Njoo nyumbani ufungue albamu," akasema. "Zote alizopiga marehemu ziko hivi. Mimi wazi, mtoto ukungu."

Tetsuma, akijipapasa kisogo kisicho na kitu, akachungulia begani kwa mama yake.

"Hata leo, baba?"