Ukanda wa Shangazi

Shangazi aliomba maji mchana, sufuria ikiwa bado jikoni. Ombi lake lilifika sebuleni jioni, taarifa ya habari inaisha, limekunjamana na limepoa. Wifi, mke wa kaka mkubwa, akalisikia, akanyanyuka kupeleka glasi.

Hakuna aliyeshangaa. Katika nyumba ile maneno yalipita koridoni kwa zamu, na zamu zilikwenda kwa ukubwa. Ya kaka mkubwa, mwenye nyumba, yalifika kabla hajafunga mdomo. Yakafuata ya televisheni, ya wifi, ya watoto. Ya shangazi, aliyelala chumba cha mwisho na kifua chake kibovu, yalibanana ukutani yakingoja.

"Ya shangazi yana foleni," walisema, kama mtu anavyosema mvua imechelewa.

Kisha siku moja "Nishikeni mkono, nataka kusimama" ikafika sebuleni wakati shangazi ameshaanguka na kuokotwa sakafuni. Siku hiyo mdogo wake kaka alikasirika. Nyumbani walimwita Mhandisi, nusu fahari, nusu utani. Shangazi ndiye aliyewalea wote wawili.

Mhandisi alichora njia ndani ya chipu, vile vipande vidogo kama ukucha vinavyoendesha simu na mashine. Humo ndani sehemu hutumiana ujumbe kupitia vijia na njia panda, na kazi yake ilikuwa kuamua nani apite kwanza, ili picha nzito isiukalie ujumbe mdogo wa dharura. Alikuwa bingwa, tuseme ukweli. Kwenye njia panda zake hata mnyonge alifika kwa wakati.

Akapiga magoti koridoni na chaki. Akachora ukanda mwembamba kando ya ukuta, kutoka mlango wa shangazi hadi sebuleni: wa shangazi peke yake. Kwingine kote akaweka sheria: neno likingoja sana linaongezeka uzito, mpaka ya wakubwa yalipishe.

"Njia tupu, halafu mimi nisubiri?" kaka aliuliza.

"Iko tupu ili akiita asisubiri, kaka."

"Nyumba yangu hii!"

Hayo yalifika baada ya watoto kumaliza kugombania penseli.

Ilikuwa raha kutazama. Maneno yalipishana bila kukwaruzana, na hata mtoto wa mwisho, ambaye hajawahi kumaliza sentensi mezani, alimaliza mbili. "Kifua kinabana" ilipokuja, ilifika ingali na joto la mdomo, na wifi akakimbia na dawa ikiwa bado mapema. Shangazi akanusurika. Mhandisi alilia jikoni kwa furaha, akanawa uso.

Jumamosi, Mhandisi akiwa kazini, maneno mengine yalishika ukanda: "Njooni mkae na mimi kidogo."

Yalifika sebuleni mazima, safi, kila mtu akayasikia. Televisheni yenyewe ilinyamaza kuyapisha. Kaka akainua miguu yapite.

"Siku hizi yanafika vizuri kweli," wifi alisema.

"Mdogo wangu ana akili," kaka akajibu, na alimaanisha. Kisha akaongeza sauti ya mpira.

Mhandisi aliporudi jioni aliyakuta yamekaa ukingoni mwa kochi, bado yana joto. Akavua viatu, akayabeba, akaelekea chumba cha mwisho. Chaki ilikuwa nzima mpaka kizingitini mwa shangazi. Hakuna mguu uliokuwa umeigusa.