Kuku wa Kabezi

Niliamini ni damu. Ilikuwa nyekundu, nzito, ya vuguvugu kwa jua la mchana. Ilinijaa kiganjani na kunigandisha nywele, nami nikalala pale katikati ya barabara nikijiambia, kwa utulivu wa ajabu, kwamba mtu ambaye damu yake yote iko nje hana haja tena ya kuhangaika. Kisha nikasikia vicheko na mgongano wa mabakuli. Wanawake walikuwa wameinama kunizunguka, vitenge wamevikaza kiunoni, wakichota barabara. Mmoja aliuinua mguu wangu wa kulia ili achote palipokuwa chini yake, na hapo ndipo nilipopiga kelele.

"Pole, dada," alisema, akaurudisha mguu mahali pake kama mtu anayerudisha kifuniko. "Hii ni mawese tu."

Pipa la mawese lilikuwa limeanguka kutoka kwenye lori kwenye ile kona ya mwisho kabla ya Rumonge, likapasuka, na udongo mwekundu ukateleza kama kikaango chenye mafuta. Pikipiki ilipofika pale iliteleza bila haraka, ikatulaza, kisha ikaja kulala juu yangu. Roger ilimrusha kwenye shamba la mihogo. Aliinuka, akajipapasa mbavu, akajipapasa magoti, akaja mbio. Hakuwa hata na mkwaruzo. Na kuku, aliyekuwa amening'inizwa kwenye usukani kichwa chini, alikuwa akipiga kelele kunishinda mimi, naye mzima kabisa.

Roger alikuwa mwalimu mwenzangu na mchumba wangu. Tulikuwa tunarudi kutoka Kabezi, kwa mama yake, nilikokwenda kuonyeshwa. Sikuwa nimesema maneno mengi huko. Mimi nikiwa mbele ya watu wazima ulimi hunikauka. Lakini Mama Roger alinitazama nikiosha vyombo bila kuambiwa, akaingia nyuma ya nyumba, akatoka na kuku mweupe mwenye madoa shingoni.

"Usimuchinje," aliniambia. "Huyu ni wa kuanzia nyumba, mukazana wangu." Ndivyo wanavyomwita mke wa mtoto wao.

Njiani Roger alinigeukia, upepo ukimrarua maneno mdomoni. "Umeona? Mama hakuweza kuja kukuchunga mwenyewe, ametuma kuku. Tutamwita Mama Mkwe."

Nilikuwa bado nacheka tulipofika kwenye kona.

Masista wa zahanati walisema nipelekwe Bujumbura. Wanawake wa mawese walisema nipelekwe kwa Batuli. Roger, mtu wa vitabu, alisema Bujumbura. Mimi nilisema Batuli, kwa sababu Batuli alikuwa karibu na mguu ulikuwa wangu.

Alikuwa bibi wa Kiislamu wa mtaa wa Waswahili, mwembamba, mwenye vidole virefu kama vya mpiga zeze. Babu yake alitoka Kasongo, ng'ambo ya ziwa, na wafanyabiashara, akaachia ukoo wake kazi ya kuunga mifupa. Aliuvuta mguu wangu mara moja tu, nami nikauma mkunjo wa kitenge mpaka kikatoboka. Aliufunga kwa vipande vya mwanzi na kamba za mchikichi. Halafu akanawa mikono na kusema, "Sasa leteni kuku."

Sikujua. Kwetu milimani hatufanyi hivyo. Huku ziwani mwenye mguu uliovunjika hutafutiwa kuku. Kuku naye huvunjwa mguu uleule, akafungwa mianzi midogo, akawekwa karibu na kitanda. Kuku hupona upesi kuliko mtu. Siku anapokanyaga chini na kutembea, ndipo mtu hufunguliwa. Si kabla.

"Mufupa uko gizani," alinieleza Batuli. "Kuku anautangulia, anauonyesha njia."

Kuku pekee tuliyekuwa naye alikuwa yule wa Kabezi. Nilifunika uso kwa shuka. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama kijiti kikavu, lakini niliusikia ndani ya mguu wangu.

"Na mimi, Bibi?" aliuliza Roger ili kunichekesha. "Tumeanguka wote."

"Wewe umevunjika nini?"

"Moyo."

"Huo nenda kwa padri wako aliyekuazima pikipiki," Batuli alisema. "Mimi sina mianzi mifupi hivyo."

Hiyo ilikuwa Aprili 1972, wiki chache baada ya Pasaka. Mwisho wa mwezi walitokea watu wenye mapanga, wakaingia mjini na kuua. Waliua watu tuliowajua kwa majina, pamoja na mke wa bwana shamba, aliyekuwa ameniletea maziwa siku mbili mfululizo na kuniwekea maua ndani ya kopo. Halafu jeshi likaja. Wale wenye mapanga walipokwisha kukimbia, jeshi liliwageukia waliobaki, watu ambao hawakushika kitu chochote zaidi ya jembe au chaki. Mimi nililala chali nikitazama bati la Batuli na kusikiliza. Malori yalipita yakienda na sauti moja, yakarudi na sauti nyingine, nyepesi zaidi. Mtu asipoweza kwenda dirishani hujifunza mambo kama hayo.

Hakuna aliyeeleza kitu. Asmani, mtoto wa Batuli, alirudi kutoka ziwani asubuhi na ndagala, dagaa wa huko, akamnong'oneza mama yake mlangoni, na mama akaendelea kupepeta mchele.

Katikati ya Mei gari lenye kipaza sauti lilizunguka mji. Walimu wote wafike komini, kwenye ofisi ya serikali, Alhamisi asubuhi kwa mkutano. Asiyefika atahesabiwa kuwa mmoja wa waasi.

Mimi, ambaye darasani watoto waliniomba niongeze sauti, nihesabiwe muasi? Lakini asubuhi ya Alhamisi kuku wetu, Mama Mkwe, alikuwa ameteremka kutoka kwenye kikapu chake, akasimama kwa mguu mmoja, akafikiri, kisha akatembea mpaka kwenye maganda ya mihogo na kuanza kudonoa. Roger alifika wakati huo, shati jeupe, viatu vimepakwa rangi. Nilimwonyesha.

"Bibi, kuku anatembea," nilisema. Pengine ilikuwa mara ya kwanza kumwambia Batuli jambo bila kuulizwa. "Nifungue. Roger atanibeba kwa pikipiki, tutafika."

Batuli alimtazama kuku. Akamtazama Roger kuanzia viatu hadi kola.

"Na wewe unakwenda?"

"Nakwenda, Bibi. Ni serikali inayoita."

"Serikali ya nani?"

"Yetu." Alisema bila majivuno, kama mtu anayetaja jina la mtaa wake. "Siku bendera ya uhuru ilipopandishwa, mimi nilikuwa kwenye kwaya ya shule, mstari wa mbele. Tuliimba mpaka nikapoteza sauti. Hawa wanatufahamu. Sisi tusipoenda, ndiyo watasema tuna la kuficha."

Batuli aliinuka. Alikwenda pembeni, akarudi na mchi wa kinu, akatandika mkeka chini.

"Lala hapa," alimwambia Roger. "Mara moja tu. Nitaunga muzuri, hutajua kama ulivunjika."

Roger alicheka. Mimi pia nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu maziwa yalipokoma kuja. Batuli hakucheka. Alisimama na mchi ule muda mrefu kuliko mzaha unavyohitaji.

"Bibi wewe," alisema Roger, akijifuta macho. "Nani atafundisha hesabu?"

Basi Batuli aliuweka mchi chini. Alitembea mpaka kwenye maganda ya mihogo, akamwokota kuku aliyekuwa akila, akampeleka nyuma ya jiko. Nilisikia kile kijiti kikavu. Aliporudi alikuwa anafunga mianzi midogo, mahali palepale, kwa fundo lilelile.

"Kuku hatembei," alisema.

Nililia kwa sauti. Nililia kwa ajili ya kuku na kwa ajili yangu, nikimwona bibi huyu kuwa ndiye mkatili kuliko wote waliokuwa nje na mabunduki. Roger alichuchumaa kando ya kitanda. Mashavu yake yalinuka sabuni.

"Usilie. Nitawaeleza. Nitasema Domitille amelala na mama mkwe wake, wanauguzana." Akanigusa paji la uso. "Nitarudi na habari zote."

Pikipiki ilikuwa na kikohozi tangu ajali ile. Bomba lake lilipinda, kila baada ya mngurumo ilikohoa mara moja. Nilikisikiliza kikohozi hicho mpaka kikazama kwenye kelele za soko.

Alhamisi ilipita, na Ijumaa. Hakuna mwalimu aliyerudi. Malori yalikwenda na sauti moja, yakarudi na nyingine. Batuli alinilisha uji kwa kijiko ingawa mikono yangu ilikuwa mizima, nami nilikubali.

Jumamosi mchana nilikisikia. Mngurumo, kikohozi, mngurumo. Kilikuja kutoka upande wa komini, kikapita msikiti, kikakata kona yetu. Nilivuta kitana chini ya mto nikaanza kuchana nywele haraka haraka, nikimwita Batuli aniletee kioo. Batuli hakuja. Alikuwa amesimama katikati ya mlango, mikono kwenye miimo yote miwili.

Aliyeteremka alikuwa kijana wa chama, mwenye miwani ya jua na viatu vipya. Nilimfahamu kwa sura; aliuza sigara sokoni kabla mambo hayajaanza. Alimsogeza Batuli kwa kiwiko akaingia. Kitana kilikuwa bado kimekwama nywelani mwangu.

"Huyu ni mwalimu."

"Huyu ni muguu," alisema Batuli. "Mwalimu sijamwona."

"Asimame."

"Umuone kwanza yule." Batuli alimwonyesha kikapu. Kuku alinyoosha shingo yake yenye madoa na kumtazama kijana kwa jicho moja, mguu wake umefungwa mianzi. "Hajakanyaga. Wewe ni mutoto wa hapa, mama yako nilimuunga mukono. Unajua anayemusimamisha mugonjwa mbele ya kuku wake, kule kuvunjika kunahamia kwa nani."

Kijana alikitazama kikapu.

"Na wewe unapanda pikipiki," Batuli aliongeza, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake mvua.

Sijui kwa nini alimwamini. Alikuwa ametoka kufanya mambo ambayo hayaogopi kitu chochote, mbinguni wala ardhini, lakini aliogopa kuku. Aliivua miwani, akamwinamia Mama Mkwe, akaigusa mianzi kwa ncha ya kidole.

"Akitembea mutatuambia," alisema. "Nitapita kuangalia."

Alipokwenda, nilikitoa kitana nywelani. Kikohozi kilizama sokoni kama kilivyozama mara ya kwanza.

Sasa ninafundisha Kigoma, kwenye shule ya watu waliovuka kama mimi. Watu wakisikia kisa changu husema nina bahati, na wengine humsifu Mungu kwa ile ajali. Husema aliyemwaga mawese alitumwa. Mimi huitikia kwa kichwa. Sijawahi kuwa hodari wa kubishana. Ila nikiwa peke yangu huwauliza: huyo aliyetumwa kumwaga mawese, alishindwa nini kuulaza na mguu wa Roger chini ya pikipiki? Tulikuwa wawili. Nafasi ilikuwepo.

Lakini nilitaka kusema habari za siku ya mwisho.

Ilikuwa Juni, vumbi limeanza. Mguu wangu ulikuwa umepona, nami sikuwa nimewaambia hata kuta. Nililala tu, kwa sababu kulala ndiyo ilikuwa kazi yangu. Batuli alikuwa amekwisha kupanga na Asmani kunipitisha ziwani jioni hiyo, kati ya nyavu. Mchana, mwanamke mmoja akabisha hodi. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa ametembea kutoka Kabezi, akilala kwa watu asiowajua, kumtafuta mtoto wake.

"Amahoro," alisalimu Mama Roger.

Alikuwa amefika komini. Walimwambia hawana mtu wa jina hilo. Aliwaambia jina analo, alimpa yeye mwenyewe. Wakamwambia aende nyumbani.

Aliketi kwenye mkeka. Kuku alimjia akiruka kwa mguu mmoja, naye akampakata, akampapasa mbawa, kisha akaupapasa ule mguu taratibu, juu ya mianzi na chini ya mianzi.

"Nilikupa kuku muzima," aliniambia.

Ulimi ulinikauka.

"Huyu amevunjwa mara ngapi?" alimwuliza Batuli.

"Mara mbili."

"Kwa ajili ya huyu?"

"Ndiyo."

Nje, mtu alikuwa anatwanga, na kila mchi ulipotua Mama Roger alifumba macho.

"Na mutoto wangu?"

"Nilitaka kumuvunja," Batuli alisema. "Alikataa."

Mama Roger alitikisa kichwa kwamba amesikia. Alizifungua kamba za kuku moja baada ya nyingine, akazikunja vizuri, akaziweka kando. Akamteremsha chini. Kuku alikwenda upandeupande kama kaa, lakini alikwenda. Hakuna aliyemzuia.

"Murakoze," alishukuru, akainuka. "Niende, nisishikwe na giza."

Mgeni akiondoka husindikizwa. Ndivyo nilivyolelewa, na mwili wangu ulilikumbuka hilo kabla ya akili. Nilishuka kitandani, nikapita mbele ya Batuli, nikatembea naye hadi kizingitini. Hapo ndipo tulipoona sote watatu kwamba natembea.

Mama Roger aliutazama mguu wangu. Uso hakuutazama.

"Kumbe iko muzima," alisema, akajifunga kitenge chake upya, akashika barabara.