Kibanda Kilichoipa Barabara Mgongo

Huko Aarhus, mji wa bandari wa Denmark, upepo wa bahari haubishi hodi. Tilde, mwanafunzi wa usanifu wa majengo, aliujua upepo huo tangu utotoni, na ndiyo maana mradi wake wa mwisho ulikuwa kibanda cha kusubiria basi.

Alikibuni kwenye kompyuta. Katika programu ile, ukibadili namba moja tu, mbao zote hujipinda zenyewe kuifuata: ukiongeza upepo ukuta unanenepa, ukiongeza mvua paa linainama. Darasani kwao hakuna aliyechora kwa mkono tena. Penseli zilibaki za kukorogea kahawa. Mchoro ulipokamilika, mashine inayoongozwa na kompyuta ilikata plaiwudi vipande tele, kila kimoja na umbo lake na namba yake. Rafiki yake Asger alimsaidia kuvipanga na kuvipiga msasa, wala hakuombwa.

Kibanda kilikuwa cha kuwekwa mbele ya nyumba ya wazee karibu na bandari. Bibi yake, Inger-Lise, aliishi humo. Kila siku kabla ya mchana bibi alipanda basi kwenda upande wa pili wa mji kumlisha babu, ambaye sura za watu zilikuwa zimemtoka kichwani, ila kijiko cha mkewe bado alikipokea. Kituoni palikuwa na nguzo tu. Chuo kiliahidi kwamba majaji wakikipitisha kibanda, kitabaki pale. Wakikikataa, kitapelekwa kusagwa.

"Ukinikosesha pa kukaa, nitahamia kwenye meza yako ya chuoni," bibi alimtania.

Asubuhi ya hukumu, lori lilikishusha kibanda. Dereva alifuata mshale uliochongwa sakafuni kuonyesha upande wa barabara, akapunga mkono, akaondoka. Asger akazunguka mara moja, akakuna kichwa.

"We Tilde, barabara imehama?"

Kibanda kilikuwa kimeipa barabara mgongo. Mdomo wake wote ulikuwa wazi kuelekea baharini, kikimeza upepo kama mtoto anayemeza uji.

Tilde akaelewa papo hapo. Ili namba za vipande zisionekane kwa nje, alikuwa ameipindua michoro yote kwenye kompyuta kabla ya kukata. Namba zilikwenda ndani vizuri sana, na kibanda kizima kikageuka pamoja nazo, ila mshale, aliousahau, ukabaki ulivyokuwa. Karakanani hakuna upepo wala barabara, kwa hiyo hakuna aliyeona.

"Tukigeuze haraka," alisema.

"Haraka gani? Hao hapo."

Majaji walikuwa wanafika kwa baiskeli, wote wamevaa nguo nyeusi tupu. Wazee waliokuwa wametoka na chupa za kahawa, soseji, na shada la matawi la kutundika juu, kama inavyofanyika kwao jengo likisimama, waliwatazama kwa huruma.

"Maskini," bibi alinong'ona. "Nani kafa?"

"Hakuna, bibi. Ni wasanifu."

Jaji mkuu, Profesa Skytte kutoka Copenhagen, alikizunguka kibanda akiwa amefumba macho nusu. Katika chuo kile hakuna anayesema kitu ni kizuri au kibaya. Husemwa kinavutia, kisha watu husubiri waone ni kwa namna gani.

"Kinavutia," alisema profesa. "Kibanda kinachokataa kuhifadhi! Kimeligeuzia basi mgongo. Kinamuuliza abiria: kwa nini unataka kufika?"

Majaji wengine wakaandika kwa bidii. Mmoja akauliza kama baridi nayo ilikuwa sehemu ya ubunifu. Merete, mwalimu wa Tilde, aliyeijua michoro tangu mwanzo, akamsogelea mwanafunzi wake. Alimpenda, na kwa sababu hiyo alimshauri vibaya.

"Nyamaza, mwanangu. Sema ulikusudia. Huyu anakupa alama ya juu kabisa."

Sifa zile zilikuwa tamu, na midomo ya Tilde ilikuwa tayari kuzikubali.

Wakati huo wazee walikuwa wamekwishaingia ndani na kukaa. Nywele za bibi zilisimama wima. Bwana Holger, jirani yake, alijimiminia kahawa, na upepo ukaihamishia kwenye koti lake.

"Pana joto, eti?" Holger alisema, meno yakigongana.

"Sana," bibi akajibu. "Mimi hata skafu naona imezidi." Akaivua, akamfunga Holger shingoni, kisha akamtabasamia mjukuu wake. "Kizuri sana, Tilde wangu. Tumestarehe."

Basi likaja. Dereva aliona ukuta wa mbao usio na mtu, akapita bila kupunguza mwendo. Bibi alichungulia nje na kijiko chake mkobani, akalitazama linavyopotea kwenye kona.

"Haidhuru," alisema. "Babu yako hana saa."

Sifa za profesa Tilde angeweza kuzibeba. Uongo ule mpole wa bibi ulimshinda.

"Nimekosea!" alipaza sauti. "Sikukusudia lolote. Niliipindua michoro, basi. Kilitakiwa kitazame barabara."

Profesa alifungua macho yote mawili.

"Kwa hiyo hakikatai chochote?"

"Hapana."

"Hakiulizi?"

"Ni kibanda cha basi, Valdemar," Tilde alisema, maana kule hata profesa huitwa kwa jina lake. "Watu wakae, wasipigwe na upepo."

"Inasikitisha," alisema profesa, na kweli alionekana kusikitika, kama mtu aliyeambiwa mbwa wake hajui kusoma.

Asger alikwishapiga magoti na spana. Darasa zima, lililokuwa limekuja kutazama, likashika kingo. Kona moja ilikosa mtu, na kibanda kikaanza kulala upande. Profesa Skytte alivua glavu zake nzuri, akaishika.

"Moja, mbili, twende! Polepole, Valdemar, unatukanyaga!"

Wakakizungusha hatua kwa hatua, wazee wakitoa amri zinazopingana. Kilipotua, upepo ulikatika ndani yake kana kwamba mtu amefunga dirisha. Mkunjo wa paa, uliochorwa kulia, ulikuwa sasa kushoto. Hakuna aliyeuliza.

Asger akapanda begani kwa mwenzake, akatundika shada. Majaji wakajadiliana pembeni, wakarudi: kibanda kimepita, kwa alama ya kati, kwa sababu hakina wazo.

"Kitabaki?" Tilde aliuliza.

"Kitabaki."

Basi lililofuata lilisimama lenyewe. Bibi alipanda, akiwa amefunga soseji moja kwenye karatasi kwa ajili ya babu. Mlangoni aligeuka. Profesa alikuwa amekaa kwenye benchi kati ya wazee, mikono mitupu imekuwa myekundu kwa baridi.

"Holger," bibi aliita, "mpe huyo baba skafu yangu. Na soseji, kabla haijapoa."

Profesa alifungwa skafu ya bluu juu ya ule weusi wote, akang'ata soseji, akaegemea ukuta uliojipinda sawasawa na mgongo wake. Alitafuta neno kwa muda mrefu.

"Pazuri hapa," alisema.